Waviking: waliijenga Ulaya au waliibomoa?

Mleta mada: Wakuu, nimechoka kusikia Waviking, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, wakiitwa majambazi tu. Sawa, mwaka 793 walivamia monasteri ya Lindisfarne, Uingereza, wakaua watawa. Lakini Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, je? Imeanzia kwenye kambi yao ya meli ya mwaka 841. Na Normandia, kaskazini mwa Ufaransa ya leo, ni ardhi aliyopewa Rollo, mkuu wa Waviking, na mfalme wa Wafaranki mwaka 911 ili awazuie wenzake wasipande tena mto Seine. Ukoo wake ndio uliomtoa William aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Hawa walikuwa wafanyabiashara na wajenzi wa miji. Mwenye hoja aje.

Tausi: Hapo kwenye "wafanyabiashara" ndipo umenikera. Biashara ya nini? Manyoya, ndiyo. Na watu! Hiyo Dublin unayoisifia ilikuwa soko la watumwa. Waairishi walikamatwa vijijini kwao wakapakiwa melini. Ukisema, sema yote.

Kamanda: Nani hakuwa na watumwa enzi zile? Kumbukumbu za Wafaranki wenyewe zinasema mfalme wao Charlemagne, Mkristo, aliua Wasaksoni 4,500 kwa siku moja huko Verden, Ujerumani ya leo, mwaka 782. Leo anaitwa baba wa Ulaya. Waviking wamepakwa matope kwa sababu walioshika kalamu ni watawa walioibiwa.

Mpwani: Si watawa peke yao. Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad, aliwakuta Waviking wa mashariki, walioitwa Warus, kwenye mto Volga, Urusi ya leo, mwaka 922. Anawasifu kwa miili yao, warefu kama mitende. Papo hapo anasema hajaona viumbe wachafu kama wao: beseni moja la maji, huyu ananawa, anachana nywele, anapenga kamasi humo humo, kisha beseni linapelekwa kwa wa pili.

Mleta mada: Wachafu? Vitana vya pembe na mifupa vimefukuliwa karibu kila walipokaa, mjini York, Uingereza, vimejaa. Mchafu ana haja gani ya kitana? Ibn Fadlan alizoea kutawadha, kila asiyetawadha kwake alikuwa najisi.

Mpwani: Usiiingize dini. Mtu kaandika alichokiona. Na mazishi mbona umeyaruka? Mkuu wao alipokufa, mjakazi alileweshwa kwa pombe, akakabwa kwa kamba huku kikongwe waliyemwita Malaika wa Mauti akimchoma kisu, kisha akateketezwa na bwana wake ndani ya merikebu. Hao ndio wajenzi wako?

Kamanda: Baghdad nayo isijitoe. Hazina ya Spillings, kisiwani Gotland, Uswidi, iliyofukuliwa mwaka 1999, ni kilo 67 hivi za fedha, sarafu zaidi ya 14,000, karibu zote dirhamu, yaani sarafu za fedha za Kiislamu. Mnunuzi wa watumwa alikuwa nani? Na Wazanji, watumwa wa Kiafrika wa Basra, Iraq, waliasi kwa raha?

Mpwani: Wazanji wanaingiaje hapa, ndugu yangu? Mada ni Waviking.

Tausi: Wanaingia sana. Waliokuwa wakikwangua chumvi kwenye mashamba ya Basra waliitwa kwa jina ambalo Waarabu waliipa pwani yetu hii. Walipigana tangu 869 hadi 883. Ulimwengu ule ule uliomnunua Mzanji Basra ndio uliopeleka fedha Volga, na mjakazi wa merikebuni alikuwa bidhaa kama wao. Mtu akiniambia "biashara" halafu akanyamaza, nawaka.

Mleta mada: Dada Tausi, sijatetea utumwa popote. Nimetaja Normandia, na hakuna hata mmoja aliyeigusa.

Kamanda: Normandia itasubiri. Mpwani hajajibu kuhusu dirhamu.