Mtoto wa sikoseli: utafiti wa kufuatiliwa au wa kujaribu dawa, upi bora?

MamaMdogo_Temeke
Wakuu, naombeni mawazo. Mtoto wa dada yangu ana miaka 9, ana sikoseli. Kliniki wametueleza tafiti mbili. Wa kwanza ni wa kufuatiliwa: anaandikishwa, anatolewa damu kila baada ya miezi kadhaa, dawa zake zinabaki zilezile. Wa pili ni wa dawa mpya ya kumeza. Watoto wanagawanywa kwa bahati nasibu, wengine wanapata dawa, wengine kidonge kinachofanana nacho lakini hakina dawa ndani, na hata daktari hajui nani kapata kipi. Huu wa pili wanarudisha nauli. Dada anautaka, shemeji anasema mwanawe hajaribiwi. Nyie mngepima vipi?

Muuguzi wa Pwani
Dada, pole kwa uuguzaji. Nimekuwa muuguzi wa tafiti kwa muda, nauli ningeiweka mwisho kabisa.

Ule wa kufuatiliwa hatari yake ni ndogo, na mtoto anaonwa kwa ratiba badala ya kukimbizwa hospitali akiwa tayari kwenye maumivu. Msiudharau kwa sababu hauna dawa mpya. Muhimbili walianza kuwafuatilia wagonjwa wa sikoseli mwaka 2004, na ndivyo ilivyoonekana kwamba walio hatarini zaidi kufa ni watoto chini ya miaka 5.

Kwenye ule wa pili swali langu ni moja: haidroksiyurea, dawa yake ya kila siku ya sikoseli, inaendelea? Dawa hiyo si ya kubahatisha tena. Utafiti wa REACH uliwapa watoto wapatao 600 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, matokeo yakatoka 2019: maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo, vyote vilipungua. Wakisema aiache ili aingie, mimi ningefunga faili hapohapo.

Baba Zawadi, Kilifi
Naunga mkono. Ila nawaomba mfahamu na habari ya voxelotor, dawa ya sikoseli ya kumeza. Marekani waliiruhusu 2019 kwa sababu ilipandisha kiwango cha damu (himoglobini) kwenye kipimo. Baadaye watoto 236 wa nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, wakagawanywa kama ulivyoeleza. Waliopewa dawa walikufa 8, wenye kidonge kitupu 2. Septemba 2024 kampuni ya Pfizer, wenye dawa hiyo, wakaiondoa sokoni duniani kote. Dawa inaweza kupandisha namba kwenye kipimo na mgonjwa asipone. Kwa hiyo ulizeni watafiti: mtoto akipata homa ya malaria usiku wa manane, nampigia nani, na nani analipia kulazwa?

Kijana_Mbeya
Kwa shemeji: hofu yake ni halali, asibezwe. Lakini kujaribiwa bila ridhaa na kushiriki ukiwa umeelezwa ni vitu viwili tofauti. Hapa Mbeya kulikuwa na majaribio ya chanjo za VVU ya PrEPVacc, pamoja na Dar, Masaka na Durban. Kamati huru ilipoona chanjo hazielekei kukinga, sindano zikasimamishwa 2023. Ulizeni kama utafiti wenu una kamati ya namna hiyo, yenye uwezo wa kuwaambia watafiti wasimame.

Bi Rukia
Mimi naongea kwa uchungu. Mdogo wangu aliingia utafiti wa kisukari, hospitali siitaji. Dawa ikamkaa vizuri, sukari ikatulia. Utafiti ulipokwisha na dawa ikakatwa, dukani bei yake haishikiki. Hakuna aliyetuambia mapema. Kabla ya kuweka sahihi, someni fomu ya ridhaa sehemu ya "baada ya utafiti". Kama haipo, daini iandikwe.

Muuguzi wa Pwani
Bi Rukia kagusa penyewe, mimi ningeuliza hilo kabla hata ya madhara. Vilevile ombeni kuona cheti cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), ni haki yenu. Na mtoto wa miaka 9 anaelewa, aulizwe naye. Kujitoa mnaweza siku yoyote na kliniki yake ya kawaida haipotei. Anayewatishia kwamba itapotea, mripotini kwa kamati ya maadili, namba yake huwa kwenye fomu.

MamaMdogo_Temeke
Asanteni sana. Nimemsomea shemeji uzi wote, amekubali twende naye Jumatatu. Haidroksiyurea wamesema anaendelea nayo, nimepiga simu leo. Bado hawajajibu kuhusu dawa baada ya utafiti. Wasipotupa jibu la maandishi, tunamwandikisha ule wa kufuatiliwa. Mtoto mwenyewe ameshauliza kama atatolewa damu mkono wa kushoto, maana wa kulia anachorea.