91 SIO namba tasa jamani, mtoto kakoseshwa na mwalimu anakaza shingo

Wakuu habari, nipo Mwanga hapa Kigoma mjini na nina hasira kwelikweli, mnivumilie.

Dogo wangu yuko darasa la sita, wamefanya ule mtihani wa ujirani mwema, kuna swali linasema taja namba tasa (yaani zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu) zilizopo kati ya 88 na 98. Dogo kaandika 89 na 97, kawekewa kosa. Jibu lao eti ni 89, 91 na 97. Nauliza, 91 imekuwa tasa LINI??

Nikaenda shule kistaarabu kabisa, mwalimu ananiambia "mzee, 91 haigawanyiki kwa 2, kwa 3 haigawanyiki, kwa 5 haigawanyiki, sasa unataka nini tena?" Nikamwambia jaribu 7 basi. Akacheka. Eti mwongozo wa kusahihisha umeshatoka, hana mamlaka ya kuugusa. Yaani karatasi ndo ina nguvu kuliko hesabu aisee.

7 mara 13 ni 91, imeisha hiyo. Muulize mama yeyote pale sokoni anayepanga migebuka mafungu ya saba saba, akiwa nayo 91 anatoa mafungu 13 na hakibaki hata kimoja. Na kwa namba yoyote chini ya 121 unajaribu 2, 3, 5 na 7 basi, manake 11 mara 11 ndo 121. Mtu kabakiza hatua MOJA akaona inatosha!

Nakubali namba yenyewe ni tapeli. Inaishia na 1, tarakimu zake ukijumlisha unapata 10 kwa hiyo 3 haiingii, na majedwali tunayokaririsha watoto yanaishia mara 12 ndo maana hii ya mara 13 hamna anayeikumbuka. Hata kile kipimo cha kunasa namba zisizo tasa, cha Mfaransa Pierre de Fermat cha mwaka 1640, inakipiga chenga, chukua 3 ipandishe kipeo cha 90 halafu gawa kwa 91, inabaki 1 kama namba tasa halisi (3 kipeo cha 6 ni 729, na 91 mara 8 ni 728, inabaki 1, na kipeo cha 90 ni hiyo hiyo 729 ikijizidisha mara 15, kwa hiyo bado inabaki 1), na hakuna namba ndogo zaidi ya 91 yenye utapeli huo kwa 3. Ila weka 2 badala ya 3, inabaki 64, imekamatwa. Kwa hiyo kudanganywa na 91 sio aibu, ila umeonyeshwa 7 mara 13 bado unabisha??

Halafu ni namba tamu sana ya kufundishia. Jumlisha 1 mpaka 13 unaipata, jumlisha vipeo vya pili vya 1 mpaka 6 unaipata tena, 27 na 64 ambazo ni vipeo vya tatu nazo zinaitoa. Hayo yote hayafundishwi, wanamfundisha mtoto kwamba akipata basi kakosa.

Sasa ujirani mwema ni shule kibao, mwenye mtoto aliyefanya huo mtihani afungue karatasi aangalie. Walimu wa hesabu mliomo humu nielekezeni, naanzia kwa afisa elimu kata au napanda wilayani moja kwa moja? Na asije mtu hapa kuniambia eti ni alama mbili tu.