Eti "baba hachaguliwi"! Yule mheshimiwa ametuvunjia heshima mbele ya ukumbi mzima

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Nimerudi kutoka Eastleigh sasa hivi na ninaandika kabla hasira haijanipoa, kwa sababu sitaki ipoe. Yule mheshimiwa mnamjua nyote. Sina haja ya kumtaja, kwani hakuna harusi, tanzia wala mkutano wa watu wetu hapa Nairobi ambao hajawahi kuushika kwa kipaza sauti mpaka chakula kikapoa na watoto wakalala sakafuni. Safari hii alikuja kutueleza mjadala wa kurekebisha sheria za uchaguzi katika Bunge la Somaliland, ile nchi iliyojitangazia uhuru kutoka Somalia, naye akazungumza kwa muda ambao Guurti, yaani Baraza la Wazee la huko, ingetosha kujiongezea awamu nyingine mbili. Ulipofika wakati wa maswali nikasimama, nikamsalimia kwa adabu zote nilizofunzwa, kisha nikamuuliza swali moja tu: Baraza la Wazee litapigiwa kura lini?

Akanitazama, akatabasamu, akasema: "Binti yangu, Guurti ni baba, na baba hachaguliwi."

Ukumbi ukapiga makofi, na kijana mmoja akanipokonya kipaza sauti kabla sijafumba mdomo. Kikao kikahamia kwa swali la mtu mwingine aliyetaka kujua bei ya viwanja Hargeisa.

Baba hachaguliwi! Mtu anayejiita mtaalamu wa katiba, aliyekaa mbele yetu na kabrasha zito kuliko gunia la mchele, anathubutu kutamka maneno hayo ilhali katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 31 Mei 2001 inasema katika ibara yake ya 58 kwamba wajumbe wa Baraza la Wazee watachaguliwa kwa utaratibu utakaowekwa na sheria. Watachaguliwa! Sheria hiyo ya utaratibu ndiyo ambayo miaka yote hii haijakamilika, na ndiyo niliyokuwa ninaiuliza. Sikuuliza kwa nini jua linachomoza mashariki. Niliuliza juu ya jambo ambalo wananchi wenyewe waliliandikia ahadi.

Asitokee mtu hapa kuniambia kwamba siwaheshimu wazee. Mimi ni Mwisahakia wa Nanyuki, Msomali wa Kenya mwenye asili ya Somaliland, na nyumbani kwetu mzee akikohoa watu hunyamaza. Ninajua walichokifanya wazee wale katika mikutano ya amani kwenye mji wa Burao mwaka 1991, walichokifanya katika mji wa Sheikh mwaka 1992, na jinsi walivyoketi Borama mwaka 1993 kwa miezi, wakasuluhisha koo zilizokuwa zimeshikiana bunduki, wakamchagua Mohamed Haji Ibrahim Egal kuwa rais na kuweka msingi wa mabaraza mawili ya Bunge tuliyo nayo, la Wazee na la Wawakilishi. Bibi yangu alikuwa akituhadithia habari za Borama huku machozi yakimtoka. Heshima hiyo ninayo mpaka kaburini.

Lakini wazee waliopata viti katika mkutano wa Hargeisa mwaka 1997 wengi wao wametangulia mbele ya haki. Mjumbe akifariki kiti chake huenda kwa mwanawe au jamaa yake wa karibu, na kwa hiyo baadhi ya hao "baba" wanaoketi pale leo ni wana, tena wengine ni rika langu. Nilitaka kumwambia hivyo mheshimiwa. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Ndipo kipaza sauti kikaondoka!

Na huyo baba asiyechaguliwa ndiye anayeamua wanaochaguliwa wakae muda gani. Mwezi Agosti 2022 watu waliingia barabarani kudai uchaguzi wa rais ufanyike kwa wakati wake, na baadhi yao waliuawa. Oktoba mwaka huohuo Guurti ikamwongezea Rais Muse Bihi miaka miwili, na yenyewe ikajiongezea mitano. Hakuna mwananchi hata mmoja aliyeombwa kura kwa hilo. Basi nikiuliza lini tutaombwa kura, ninaambiwa nikae chini kwa sababu baba hachaguliwi, na watu wazima wenye ndevu zao wanapiga makofi.

Nimetukanwa na makondakta wa matatu, nimetukanwa na mawakala wa nyumba, lakini sijawahi kutukanwa kwa upole namna ile, kwa neno "binti yangu" na tabasamu. Mtu wa aina hii ndiye anayepita mikutanoni kueleza mageuzi ya uchaguzi! Semeni nanyi, au ni mimi peke yangu niliyeumia?

MwanaBondeni: Pole sana dada, hukuumia peke yako. Mheshimiwa huyo alikuja Mombasa kabla ya Ramadhani, na vijana wetu walipomuuliza kwa nini Baraza la Wawakilishi lililochaguliwa Septemba 2005 kwa muhula wa miaka mitano lilikaa mpaka Mei 2021, aliwajibu kwamba subira ni nusu ya imani. Muhula wa miaka mitano ulizaa takriban kumi na sita! Mtoto aliyezaliwa siku ya uchaguzi wa kwanza alikuwa ameota ndevu uchaguzi wa pili ulipofika, naye mheshimiwa anazungumzia subira.

KahawaTungu: Nimesoma malalamiko yote haya tangu mwanzo hadi mwisho, na kilichokuuma hasa ni kwamba ulipokonywa kipaza sauti. Ungeachiwa kidogo ukamaliza, leo ungekuwa unamsifu. Isitoshe, wewe ni wa Nanyuki. Huna kadi ya kupigia kura ya Somaliland, hujapimwa mboni ya jicho kama wapiga kura walivyopimwa kwa ajili ya uchaguzi wa 2017, na hujawahi kupanga foleni juani. Umechaguliwa na nani wewe kuwasemea?

Mwenye uzi: Ndugu KahawaTungu, babu zangu walivuka bahari wakaja nchi hii na kundi la Waingereza, lakini mjomba zangu wako Hargeisa na Berbera, na wao ndio wanaotawaliwa na baraza lisilopigiwa kura. Kama mtu wa Nanyuki hana haki ya kuuliza, mbona mheshimiwa alikuja Nairobi kutuomba michango? Michango haiulizi kadi! Na ninarudia, hakunijibu kwamba huna kadi. Alinijibu kwamba baba hachaguliwi.

ShangaziWaIsiolo: Wanangu, mnanishangaza. Mwenzetu analia kwamba hawezi kumchagua baba, wakati sisi wanawake hatuna hata mahali pa kukaa katika nyumba hiyo. Uchaguzi wa mwaka 2005 uliingiza wanawake 2 katika Baraza la Wawakilishi lenye viti 82. Mwaka 2021 wakagombea wanawake 13, na hakuingia hata mmoja. Pendekezo la viti vya wanawake limepelekwa bungeni zaidi ya mara moja, likazungushwa, likajadiliwa na wanaume mpaka likafa. Sababu kila mtu anaijua: kura zinapangwa kwa ukoo, na mwanamke aliyeolewa nje ya ukoo wake huhesabiwa na watu wa kwao kuwa ni wa mume, na watu wa mume wakamhesabu kuwa ni wa kwao kwa baba. Hivyo pande zote mbili hazimpi tiketi, zikihofia kwamba kiti kitahamia kwa wengine. Hilo ndilo tusi kubwa, tena halikutamkwa ukumbini siku moja. Linatamkwa kila uchaguzi.

JiraniWaKati: Shangazi, usione wivu kwa majirani. Hapa Kenya katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge, na hata Jaji Mkuu Maraga alipomshauri rais mwaka 2020 alivunje Bunge kwa kutopitisha sheria ya kutekeleza hilo, hakuna kilichovunjwa. Afadhali yenu mnaambiwa wazi.

ShangaziWaIsiolo: Kuambiwa wazi hakunipi kiti, mwanangu.

SheriaKwanza: Naomba nami niseme, kwa sababu mnapoteza muda juu ya Guurti na viti vya wanawake huku ubovu mkubwa kuliko yote ukiachwa. Ibara ya 9 inaruhusu vyama vitatu tu vya siasa. Mwanzoni vilichujwa kupitia uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2002, vikachujwa tena 2012, na tarehe 13 Novemba 2024 vikachujwa siku ileile ya uchaguzi wa rais. Waddani, Kulmiye na Kaah vikapita. UCID, kilichokuwepo tangu mwanzo, kikatupwa nje. Mwaka 2021 wabunge 21 walichaguliwa kwa jina la UCID. Nani anaweza kuniambia wabunge hao wanakiwakilisha chama gani sasa?

GabooyeHalisi: SheriaKwanza, wewe unalilia vyama, sisi tulikuwa tukililia kuonekana kuwa ni watu. Lakini mfumo huo mnaoutukana ndio uliomwezesha Barkhad Batuun, mtu wa jamii yetu ya Gabooye inayodharauliwa, kupata mwaka 2021 kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote wa ubunge, kwa sababu mpigakura anachagua jina la mtu wala hachagui chama peke yake. Msije mkaleta mageuzi yenu ya orodha za vyama, ambamo mtu hupigia chama tu, mkatufungia mlango huo mmoja uliofunguka.

MwanaBondeni: Ndugu yangu Gabooye, hongera kwa hilo na ninalisema kwa dhati, lakini mtu mmoja kati ya 82 ni mlango au ni dirisha la choo?

GabooyeHalisi: Ni zaidi ya mliotupa ninyi.

MtuWaMashariki: Mnabishana juu ya viti kana kwamba nchi yote ilipiga kura. Mwaka 2024 mji wa Las Anod haukupiga kura, na sehemu kubwa ya mkoa wake wa Sool, kule mashariki, haikupiga kura, kwa sababu mwaka 2023 watu walikuwa wakipigana pale na wakazi wengi wa huko wanasema hawataki kuwa chini ya serikali ya Hargeisa. Wabunge wa maeneo hayo waliochaguliwa 2021, nani atawachagua tena, na kituo cha kura kitawekwa chini ya mti gani? Rekebisheni hilo kwanza, kisha ndio mje na Guurti.

Mwenye uzi: Ndugu zangu, hoja zenu zote ni nzito na ninazikubali, lakini tafadhali turudi kwa yule mheshimiwa. Alisimama mbele ya ukumbi mzima akasema baba hachaguliwi! Hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia nimjibu nini akija tena mwezi ujao.

KahawaTungu: Mjibu kwamba rais aliyepo sasa, Abdirahman Irro, alichaguliwa kwa karibu asilimia 64 ya kura, na kabla ya hapo alikuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi kuanzia 2005 hadi 2017. Mwulize iwapo rais anaweza kuomba kura, mzee anashindwaje. Hapo hata mimi nitakupigia makofi. Ila usiandike tena maelezo marefu hivi.

SheriaKwanza: Swali langu juu ya UCID bado halijajibiwa.

MwanaBondeni: Wahamie Kaah, wamalize.

SheriaKwanza: Mbunge hawezi kuhama chama kama mtu anayehama nyumba, ndugu yangu. Mpigakura aliweka alama pale akijua ni mgombea wa UCID. Na ukiniambia chama ni jina tu na ukoo ndio uliomchagua, basi niambie vilevile kwa nini tunafuta vyama vingine vyote kila baada ya miaka kumi na kubakiza vitatu.

MzeeWaKura80: Mimi bado ninangoja mtu anieleze uchaguzi wa rais wa mwaka 2003, ambapo tume ilitangaza kwamba Dahir Riyale amemshinda Silanyo kwa kura 80 kati ya karibu nusu milioni. Kura themanini! Harusi ya mjukuu wangu ilikuwa na watu wengi kuliko hao. Hilo ndilo lingepaswa kuwa na uzi wake.

SheriaKwanza: Fungua wako basi, mzee, huu ni wa vyama.