Tupeane uzoefu: ndugu yako alipolazwa kwa nguvu, nani alimsikiliza?

Assalaam alaykum wenzangu. Naanza na langu.

Kaka yangu alichukuliwa usiku nyumbani Wete, kafungwa mikono kwa kanga ya mama, asubuhi tukavuka naye kwa meli kwenda Unguja. Alikuwa mgonjwa wa akili khasa, sikatai. Siku tatu hajalala, panga mkononi. Lakini spitali alikaa wiki tisa bila ya kupewa karatasi inayosema kwa nini yumo humo na mpaka lini. Kila nikenda na boflo na chupa ya chai, ananiuliza: "Nimehukumiwa miaka mingapi?" Mwizi wa karafuu husomewa shitaka. Yeye hakusomewa kitu.

Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 ni ya Bara. Ulinzi wetu lazima utoke Baraza la Wawakilishi. Nataka sheria imlazimishe daktari kuandika sababu na siku ya mwisho, na mgonjwa awe na pa kulalamika nje ya spitali ile ile. Nanyi yaliwafika?

Mama Wawili: Pole ndugu yangu. Mimi nililazwa mwenyewe, siku ya kumi na mbili baada ya kujifungua. Mume wangu ndiye aliyetia saini. Wiki ya tatu nilishatulia, nikaomba kurudi kwa mwanangu. Muuguzi akanambia kwa upole, "Aliyekuleta ndiye atakayekutoa." Mume kashasafiri Oman. Maziwa yalinikauka mle ndani.

Mzenji wa London: Huku binamu yangu alishikiliwa spitali kwa Sheria ya Afya ya Akili ya huku ya 1983, kifungu cha 2. Mwisho siku 28, na ndani ya 14 za mwanzo unaweza kukata rufaa, wakili bure. Alikaa mbele ya jaji, daktari na mjumbe mwengine, akaeleza yake. Alishindwa, lakini alirudi wodini katulia, kwa sababu watu walimsikiliza. Si kwamba huku kumenyooka, sisi weusi tunashikiliwa zaidi kuliko weupe.

Mwanzisha mada: Mama Wawili, hilo la saini limeniuma. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wakiwemo wenye maradhi ya akili ya muda mrefu, mwaka 2009, na kifungu cha 14 kinazungumzia uhuru wa mtu. Na wewe ulikuwa ndani unasubiri mume atoke safari!

Kaka sasa anauza madafu. Barua ya kuruhusiwa kaitia mfuko wa nailoni, anatembea nayo. Ndiyo karatasi pekee waliyompa.