Dola 1 "inasubiri" kwenye kadi, na majaribio ni ya bure?

Swali: Nimejisajili siku 7 za bure za mchezo wa mtandaoni. Benki inaonyesha dola 1 "inasubiri". Nimeshakatwa?

Jibu: Bado. Pesa imezuiwa tu kuhakiki kwamba kadi iko hai. Salio unaloweza kutumia linapungua, lakini muamala haujakamilika. Kampuni ya mchezo isipoidai, benki huiachia, kwa kawaida ndani ya siku chache.

Jibu: Usibonyeze "jisajili" mara tatu tatu! Kila ukibonyeza, dola nyingine inaweza kuzuiwa. Kadi ya kulipia kabla isiyo na salio hukwama hapa hapa.

Jibu: Ikikawia, omba kampuni ya mchezo ifute idhini (ruhusa ya kuzuia hiyo dola), kisha wewe mwenyewe ipe benki yako tarehe na kiasi. Kughairi usajili pekee hakurudishi hiyo dola haraka, ila ghairi kabla siku 7 hazijaisha.