Grafiti ikitolewa mtaani ikaingizwa galeri, nyinyi mnaionaje?

Mtu_wa_JogooRoad
Wasee habari zenu. Niko na swali na si ati nataka kugombana na mtu. Jumamosi binamu yangu alinipeleka maonyesho ya grafiti kwa galeri fulani hapa Nairobi, upande wa wenye nazo, sitaitaja. Kuingia nakuta turubai za spreyi, mlango wa matatu umeegeshwa kama jeneza, na mabati yamening'inizwa na waya. Kuna bati moja nilisimama nayo karibu dakika kumi, imechorwa macho mawili ya mama, makubwa, halafu chini kwa kona unaona bado kuna nusu ya ile karatasi ya mganga wa mapenzi na kesi, namba ya simu imekatika katikati. Yaani hii kitu ilikuwa kibanda cha mtu kweli. Naangalia kando, kikaratasi cha bei na kale kadoti kekundu ka kusema imeshauzwa. Hiyo bei ni kodi yangu ya mwaka mzima na chenji inabaki.

Sasa roho yangu ikagawanyika. Nilifurahi juu msanii amekula, wacha ale. Lakini mle ndani watu wananong'ona kama matangani, soja wa mlangoni ananiangalia viatu, na wale watoto walikuwa wakipita hapo kila asubuhi wakienda shule hawawezi kuingia. Kwani grafiti ikitoka barabarani bado ni grafiti ama inakuwa tu picha?

Kopo_Tupu
Mimi nachora, nilianzia kwa nganya, zile matatu za michoro, na nikwambie ukweli hakuna kazi yangu ya zamani hata moja iko leo, gari ikigongwa inapakwa upya, mwenye gari akibadilisha timu ya mpira anataka uso mwingine, na zote unazifanya usiku juu asubuhi lazima gari iwe stage, umejifunga fulana puani unapumua spreyi mpaka kesho yake unatema rangi ya kijani. Waliokuwa mbele yangu walipigwa breki na sheria za matatu za waziri Michuki 2004, magari yakaambiwa yapakwe ule mstari wa manjano, wengine wakaenda kuandika mabango ya buchari. Kwa hivyo galeri ikiniita naenda mbio, hata kama inachukua nusu ya pesa, na nyingi huchukua karibu hapo.

Lakini kuna vitu viwili hapa na watu wanavichanganya. Nikinunua turubai yangu nichore, nilete galeri, hiyo ni biashara yangu. Kung'oa kitu nilichochorea mtaa bure uende uuze, hiyo ni nyingine kabisa. Ilinipata mara moja, banda lilibomolewa, bati yangu nikaiona kwa sebule ya mtu kwenye Instagram. Sasa wewe uliuliza hiyo bati ya macho nani aliing'oa?

DadaKinondoni
Jamani mnaogopa galeri kama vile ni Jehanamu. Huku Dar Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora 1968 na rangi za kupakia baiskeli kwenye vibao, anauzia nje pale Morogoro Stores Oyster Bay, mtu wa kawaida kabisa, akafa 1972 hajaona hata robo ya mafanikio. Leo picha za namna yake ziko makumbusho ya Ulaya na vijana wanasomesha watoto kwa hiyo hiyo Tingatinga. Angebaki barabarani tu milele ndio mngefurahi? Ila kaka wa makopo hapo kwenye kung'oa niko na wewe.

ticha_wa_sanaa
Kuhusu kung'oa, tafuteni habari ya Blu, yule mchoraji wa Italia. 2016 huko mji wa Bologna kuliandaliwa maonyesho makubwa ya sanaa ya mtaani, na michoro yake ikabanduliwa ukutani ikapelekwa ndani bila yeye kukubali. Unajua alifanya nini? Alichukua rangi ya kijivu, na wenzake, akafuta michoro yake yote iliyobaki mjini, kazi ya miaka 20. Mimi nilivyosoma mara ya kwanza nilimwona mwendawazimu, siku hizi sina hakika. Na New York mwenye jengo la 5Pointz, lililokuwa limejaa grafiti, alipaka rangi nyeupe juu ya kazi za watu usiku, Novemba 2013, 2018 mahakama ikamwambia alipe wachoraji 21 dola milioni 6.75. Jaribuni kesi kama hiyo huku na bati la kibanda muone.

Baba_Geti
Na sisi wenye geti hamtuulizi. Nimepaka geti langu mara tatu mwaka huu, na si macho ya mama, ni jina la kijana na herufi zimepinda hazisomeki. Huyo galeri ikimtaka mchukueni hata leo, na geti mwende nalo.

Kopo_Tupu
😂😂 Baba Geti hao ni wanafunzi, wavumilie

Mtu_wa_JogooRoad
Nimerudi. Nimemsukuma binamu akaulize. Ati mwenye kibanda alipewa mabati mawili mapya na elfu tatu, akafurahi sana, kibanda kilikuwa kinavuja. Nikamuuliza na aliyechora? Akanitumia picha ya kile kikaratasi cha bei, ile siku mimi niliangalia namba tu sikusoma juu. Imeandikwa "Msanii: hajulikani". Sasa zile furaha zangu za ati msanii amekula zimeisha.

Kopo_Tupu
Hajulikani kwa nani? Hebu nitumie picha ya hayo macho inbox, leta karibu hapo kwa kope. Na uniambie ni mtaa gani.