Pelleti za unga wa mbao zinapukutika zikitoka kwenye mashine, nakosea wapi?

Wakuu habari zenu. Nina kimashine cha pelleti (vile vijiti vifupi vya unga uliobanwa), kile cha sahani ya matundu na rola mbili juu, matundu ni milimita 6, nasindika unga wa mbao. Zinatoka zina sura nzuri tu ila ukizishika zinapukutika, na siku nyingine matundu yanaziba kabisa mpaka natoboa na drili moja moja. Nikaongeza maji, ikawa kama uji. Halafu nina vumbi la chokaa nataka lile niligeuze punje lisipeperuke wakati wa kumwaga shambani, naweza kutumia mashine hii hii au nitaiua?

Jibu 1
Unyevu umepima mkuu au unakisia kwa macho? Unga wa mbao uwe asilimia 10 hadi 15 hivi. Ukizidi, maji yanageuka mvuke humo kwenye tundu na pelleti ikitoka inapasuka, ukiwa mkavu mno msuguano unapanda na hapo ndo pa kuziba. Chukua gramu 100, weka kwenye oveni nyuzi 105 mpaka uzito ugome kushuka, gramu zilizopotea ndo asilimia yako. Na gundi usihangaike nayo, mbao ina yake ndani inaitwa lignini, ikipata joto la kubanwa inalainika ikipoa inashika.

Jibu 2
Niongezee hapo. Pelleti ikitoka ya moto bado ni laini, usiiguse, itandaze ipoe kwanza ndo uijaribu. Zile za mwanzo mashine ikiwa baridi huwa takataka, zirudishe tu. Na kabla hujazima pitisha unga uliochanganywa na mafuta, ubaki huo kwenye matundu, kesho yake hutashika drili tena (mimi nilijifunza hili baada ya kuharibu sahani nzima kwa drili).

Jibu 3
Chokaa usiitie humo kaka!! Haina lignini wala wanga, itakula rola na sahani bure. Unga wa madini haubanwi, unaviringishwa: sinia kubwa lenye kingo, limeinamishwa, linazunguka, unanyunyiza maji kidogo kidogo na unga unajishika wenyewe unakua kama udongo unavyoviringishwa mkononi. Ukiliweka wima zaidi punje zinatoka mapema zikiwa ndogo. Hata madini ya chuma ni hivyo hivyo, wanaweka bentonaiti (aina ya udongo wa mfinyanzi) kidogo tu isiyofika hata asilimia 1 mara nyingi, wanapata vidonge vya milimita 8 mpaka 16 halafu wanavichoma juu ya nyuzi 1,200. Wewe huchomi, weka molasi kidogo kama gundi kisha kausha. Ila hakikisha ni vumbi la jiwe la chokaa, sio chokaa iliyochomwa, ile ikikutana na maji inachemka itakuunguza.

Muuliza swali
Ni la jiwe. Na unga nimepima sasa hivi, asilimia 22 🤦 Kwa hiyo hata mbolea ya yurea ile wanaviringisha kwenye sinia?

Jibu 3
Hapana, kuna inayopitia mnara. Yurea inayeyuka kwenye nyuzi 133, wanainyunyiza kutoka juu matone matone, hewa inapanda, yurea inashuka, inafika chini imeshaganda. Chokaa huwezi kuiyeyusha hivyo, baki na sinia. 22 hiyo anika kwanza.

Muuliza swali
Nimeshaanika. Nitaleta mrejesho.